Stabilaiza ya Wakurugenzi Wawili

Juzi kijana mmoja wa gereji iliyoko njia ya Lamadi alikuja nyumbani kwangu na simu mkononi. Alinionyesha video ya gari dogo linalokimbia kwenye uwanja wa mashindano, halafu akaniuliza kama ni kweli mtu anaweza kufunga stabilaiza ya gari iendane na tabia yake ya kuendesha, au watu wa mtandaoni wanajisemea tu. Nilicheka mpaka mke wangu akachungulia kutoka jikoni. Nikamwambia kijana akae, ale karanga, kwa sababu kazi hiyo nimeifanya Bariadi hii hii wakati baba yake bado anachunga ng'ombe, na nusura iwatenganishe ndugu wa tumbo moja.

Nilichomsimulia yeye nawasimulia na ninyi wengine mnaolala chini ya magari ya watu kila siku. Mimi silali tena huko. Nikilala chini siku hizi, kuinuka kwangu kunahitaji majirani.

Kwanza tuelewane hicho chuma ni nini, maana wako mafundi wanaokibadilisha kila juma bila kujua kinafanya kazi gani. Stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa, inayotoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia. Fikirieni nira shingoni mwa ng'ombe wawili wa kulimia: mmoja akiinama, shingo ya mwenzake nayo inavutwa. Gari likikata kona, bodi linataka kulala upande wa nje, na kile chuma kinajipinda kulikatalia. Kikiwa kigumu, gari linabaki wima kama askari kwenye gwaride. Lakini gurudumu moja likiingia shimoni, na la pili linatikiswa, na wewe uliye ndani unarushwa kushoto na kulia mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Kikiwa laini, kila gurudumu linapambana na shimo lake peke yake na wewe unakaa raha, ila kwenye kona gari linalala hadi abiria wanaanza kusali.

Na ugumu wenyewe unaweza kuuchezea. Kwenye kila ncha ya stabilaiza kuna tundu, na hapo ndipo inapofungwa linki, kile kipande kifupi kinachoiunganisha na mkono wa gurudumu. Linki ikikaa mwisho kabisa wa ncha, chuma ni laini. Ukitoboa tundu jingine ndani kidogo ukaihamishia linki humo, chuma kile kile kinakuwa kigumu. Mwenye kuwahi kufungua nati iliyokwama kwa spana ndefu, kisha kwa spana fupi, ameshanielewa.

Haya yote nilijifunza kwa Mzee Nkwabi, fundi mkuu wa gereji yetu, na yeye alijifunza kwa aibu ambayo hakuiona. Alikuwa amekulia kwenye malori ya ushirika yaliyobeba pamba enzi zile tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Lori la pamba halikuwa na habari ya stabilaiza. Lilikuwa na springi za majani, mzigo, na rehema za Mungu. Soko huria lilipofunguliwa, pikapu za mitumba kutoka Japani zikaanza kuingia, na ya kwanza kufika gerejini kwetu ilikuwa ya mchungaji mmoja. Mzee Nkwabi aliingia chini yake akakaa huko muda mrefu, akatoka na kile chuma kilichokunjwa. Alitutangazia kwa uhakika kabisa kwamba Wajapani walikifunga ili gari lisicheze melini, na kwa kuwa meli imeshafika, hakina kazi tena. Akampa mhunzi jirani yetu. Mchungaji aliondoka akishukuru kwamba gari limepungua uzito.

Jumapili iliyofuata, akikata kona kuingia kanisani, pikapu ililala upande kiasi kwamba wanakwaya waliokuwa nyuma walishuka kabla haijasimama. Hakuna aliyeumia, ila mama mmoja wa sauti ya kwanza alihamia dhehebu jingine. Mchungaji akaja kudai chuma chake. Tulipokwenda kwa mhunzi tulikuta kimeshakuwa jembe, na jembe limeshauzwa.

Mzee Nkwabi hakutahayari hata kidogo. Alisema sasa tunajua kazi ya kile chuma, akamtafutia mchungaji kingine Mwanza, na tangu hapo hakupitisha gari lolote bila kulisukuma ubavuni kwa bega aone linalalaje. Alinifundisha mambo ambayo mpaka leo naona vijana wanayakosea. La kwanza, usikisogezee moto chuma cha stabilaiza, wala usikichomelee, kwa sababu kikipata moto kinapoteza uspringi wake na kinabaki kama waya wa kufungia miti ya boma. La pili, usikaze boliti zake gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Lishushe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa hewani, mpira wa bushi unabanwa ukiwa umejipinda, na baada ya siku chache mwenye gari atakurudia akilalamika kwamba kuna panya wanalia chini ya miguu yake.

Sasa niwaeleze soko huria la pamba lilivyokuwa, maana ninyi mmezaliwa mkalikuta. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja, ushirika, na mkulima alipeleka pamba akangojea malipo mpaka watoto wakabadilisha madarasa. Baadaye serikali ikaruhusu kila mwenye uwezo anunue, na watu wengi sana wakagundua ghafla kwamba wanao uwezo. Walimu waliacha chaki. Wauza samaki waliacha samaki. Kila aliyekuwa na mizani na turubai akawa kampuni, na kila kampuni ikawa na mkurugenzi. Mizani nazo zilifungwa kulingana na tabia ya mwenye nazo. Wakulima walipoligundua hilo wakajifunza kumwagia pamba maji na kuichanganya na mchanga, kwa hiyo haki ikatendeka pande zote.

Katika wakurugenzi hao walikuwemo Jilala na Maduhu. Jilala alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, jitu la kifua kipana na sauti ya mnadani. Maduhu alikuwa karani wa ushirika aliyepunguzwa kazi, shati jeupe kila siku, kalamu mbili mfukoni hata akienda shambani. Walikuwa wameoa nyumba moja. Jilala alimwoa Kabula, na Maduhu akamwoa Minza, mdogo wake Kabula. Baba mkwe wao alikuwa mzee wa ng'ombe wengi upande wa Lagangabilili, ambayo siku hizo ilikuwa kijiji tu, haina ofisi hizi za wilaya mnazozipigia foleni. Mzee yule aliuza madume yake akawanunulia wakwe zake pikapu moja, akisema anataka wafanye kazi pamoja.

Wakaandikisha kampuni. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa msaidizi wa mwenzake, wote wawili wakawa Mkurugenzi Mtendaji. Gari walilitumia kwa zamu. Mwanzo wa juma Jilala alikwenda nalo Kiloleli na vijiji vya kule karibu na ziwa, na mwisho wa juma Maduhu alikwenda nalo Lagangabilili.

Jilala ndiye aliyeanza kuja kwetu. Alitusalimu mwangaluka haraka haraka kama mtu aliyeacha injini inaunguruma, akasema gari linamdhalilisha. Kule Kiloleli wakulima walikuwa wamekaa kwenye mafurushi yao wakingojea wanunuzi, naye akaingia kwa kishindo, gari likalala kwenye kona mbele yao, na mmoja wao akasema kampuni hii imeshaanza kuinama. Mkulima akiona gari linayumba, Jilala alisema, anadhani na pesa zinayumba. Yeye anaendesha kama radi, na anataka gari linalosimama wima.

Tulifungua stabilaiza tukaipeleka kwa rafiki yake Mzee Nkwabi kwenye karakana ya kinu cha pamba, kulikokuwa na drili ya kusimama. Chuma cha springi hakitaki haraka. Drili iende polepole, oili idondoke muda wote, na tundu la kushoto na la kulia yalingane kabisa. Tukahamishia linki kwenye matundu mapya ya ndani. Jilala akalijaribu gari kuzunguka soko, akarudi anatabasamu. Kabla ya kuondoka aliniomba nisimwambie Maduhu, kwa sababu Maduhu angeitisha kikao.

Ilipofika zamu ya Maduhu, alirudi kutoka Lagangabilili ameshika shingo. Alisema gari limepata kiburi. Kila korongo analovuka linamrusha dirishani, na kalamu zake zinaruka kutoka mfukoni. Yeye, alituambia, ni mtu wa taratibu, anaendesha kama amebeba mayai, na hahitaji gari la kukimbizana. Anaomba lilainishwe, na tafadhali Jilala asijue, kwa sababu atasema amezeeka. Tukarudisha linki kwenye matundu ya nje. Kazi yenyewe ilikuwa fupi, ukishajua boliti zake.

Basi msimu mzima tukawa tunafanya hivyo. Mwanzo wa juma tunakaza kwa Jilala, mwisho wa juma tunalainisha kwa Maduhu, na kila mmoja anaondoka akiamini gari lina siri yake peke yake. Wote walikuwa wateja wetu, wote walikuwa wakurugenzi, na katiba ya kampuni yao haikusema fundi amsikilize nani.

Shida ilianza pale mmoja alipopitiliza bila kufika gerejini, na wakati wa pamba watu walikuwa na haraka. Jilala aliingia Kiloleli na gari laini, likainama tena mbele ya watu wale wale. Maduhu alikwenda Lagangabilili na gari gumu akarudi na nundu kwenye paji la uso. Na jambo la ajabu zaidi, hata siku Maduhu alipokwenda na gari laini kama alivyoagiza mwenyewe, mafurushi ya pamba yalimwagika kwenye kona, gari likabaki limesimama kwa magurudumu ya upande mmoja kwa muda ambao hakuweza kuusahau.

Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba mwenzake naye anaigusa stabilaiza. Maduhu aliamini Jilala analiharibu gari makusudi ili amfukuze kwenye kampuni. Jilala aliamini Maduhu ameliwekea dawa, na alikwenda kwa mganga akapewa kitu cha kufunga chini ya kiti. Maduhu alipokikuta kitu hicho chini ya kiti, akawa na ushahidi.

Mambo yakahamia nyumbani. Nyumba zao zilipakana, na Kabula na Minza walikuwa wamezoea kutwanga pamoja na kwenda kisimani pamoja. Sasa kila mmoja alimtetea mumewe. Wakaacha kusalimiana. Maduhu akapanda uzio wa minyaa kati ya nyumba mbili, na minyaa mnaijua, ukiipanda leo kesho imeshakuwa ukuta. Watoto wakakatazwa kupita. Mke wangu alikuwa anakutana nao kisimani, na alinieleza kwamba wanawake wale wanapishana kama watu wa nchi mbili, kila mmoja ameangalia ndoo yake.

Nilimwambia Mzee Nkwabi kwamba jambo hili linanikosesha raha. Aliendelea kupangusa spana zake, kisha akaniuliza, "Umewahi kupanda nao?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimefunga gari kwa kusikiliza maneno tu.

Nikaomba lifti kwa Jilala kwenda Kiloleli, nikasingizia nina ndugu kule. Vijana, sikieni nilichokiona. Yule bwana wa radi alikuwa radi kwenye barabara iliyonyooka, na hasa palipokuwa na watu. Alipiga honi, akatimua vumbi, kuku wakajiokoa. Lakini kona ikitokea mbele, alianza kuiogopa ikiwa bado mbali. Aliachia mafuta, akapunguza gia, akakanyaga breki, akaipita kona kwa mwendo wa ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Kisha akanitazama kuona kama nimegundua, akaanza tena kukimbia. Kona aliyoikata kwa kishindo ilikuwa moja tu, ile ya mbele ya wakulima, na mtu wa namna hiyo hana haja ya stabilaiza ngumu safari nzima.

Juma lile lile nikaomba lifti kwa Maduhu kwenda Lagangabilili. Maduhu kweli alikwenda taratibu kwenye njia iliyonyooka. Ila kwa kuwa alijihesabu mtu wa taratibu, hakuona sababu ya kupunguza mwendo mahali popote. Kona ilipokuja aliikata kwa mwendo ule ule, usukani akauzungusha kwa mkupuo, mkono mmoja, huku akinisimulia jinsi ghala la ushirika lilivyokuwa likifagiliwa vizuri enzi zake. Niliponea kwenye mpini wa mlango. Alipokuwa anashuka aliniambia, "Unaona? Mimi sina papara."

Nilimrudishia Mzee Nkwabi habari hizo, akacheka kwa mara ya kwanza mwaka ule. Yule mwenye kudai ugumu alihitaji ulaini, na yule mwenye kudai ulaini alihitaji ugumu. Lakini nani angewaambia? Mtu anaweza kukubali kwamba gari lake ni bovu, kwamba ng'ombe wake wamekonda, hata kwamba amepungukiwa elimu. Hajazaliwa mwanamume wa Bariadi atakayekubali kwamba hajui anavyoendesha gari lake mwenyewe.

Mzee Nkwabi akaleta njia ya tatu, ambayo mkiitazama kwenye simu zenu mtaikuta hata kwa wenye magari ya mashindano. Ukifunga linki ya upande mmoja kwenye tundu la ndani na ya upande wa pili kwenye tundu la nje, chuma kinakuwa na ugumu wa katikati. Gari halipindi wala haliendi kombo, mradi urefu wa linki uurekebishe ili chuma kisikae kimejipinda likiwa limesimama. Kulia tukafunga ndani, kushoto tukafunga nje. Hatukuchagua pande kwa bahati. Jilala alipenda kuchungulia kazi kutoka upande wa dereva, na Maduhu alichungulia kutoka kushoto, kwa sababu asubuhi ndiko kulikokuwa na kivuli na hakutaka jasho kwenye shati.

Kila mmoja akachungulia upande wake, akakuta tundu lake, akaridhika. Gari likatulia. Maduhu akaacha kumwaga pamba, Jilala akaacha kuinama mbele ya wakulima. Na kila mmoja akaanza kujigamba kwa jamaa zake kwamba yeye ndiye aliyelitibu gari lililoharibiwa na mwenzake. Uzio wa minyaa ukazidi kurefuka.

Ndipo baba mkwe alipopata habari kwamba binti zake hawasemezani. Akatuma ujumbe waje wote wanne nyumbani kwake, yeye na wazee wenzake wawasikilize. Hapo pakatokea swali la nani ataendesha. Jilala hakukubali kuendeshwa na Maduhu, na Maduhu hakukubali kuendeshwa na Jilala. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba mimi naaminika. Mbele nikakaa mimi na wakurugenzi wawili, mmoja ameangalia dirisha, mwingine ameangalia gia. Nyuma wakapanda Kabula na Minza. Kabula aliketi kwenye ubavu wa kulia wa pikapu, Minza kwenye ubavu wa kushoto, na katikati yao gunia tupu walilolitandika kuwa mpaka.

Tuliondoka. Mnaijua njia ile kabla haijachongwa, inavyojipinda kutafuta mahali pa kuvukia mito mikavu. Kwenye kona ya kwanza gari lililala kidogo, kama gari lililofungwa katikati linavyolala, na kwenye kioo nikamwona Minza anateleza mpaka kwenye magoti ya dada yake. Akajizoa haraka, akarudi mahali pake. Kona iliyofuata ilikuwa ya upande wa pili. Safari hiyo Kabula ndiye aliyeteleza, na ni mama wa mwili, akamfunika mdogo wake kabisa. Nilipunguza mwendo nikidhani wameumia. Nikaona hawainuki. Walikuwa wameshikana mabega, wanatikisika, na mimi nilishindwa kujua kama ni kilio mpaka niliposikia kicheko.

Kabula alinieleza baadaye walichosemezana pale. Minza alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. Alisema, "Dada, umekonda."

Kabula akamjibu, "Naizunguka minyaa yenu kila siku kwenda kisimani."

Tulipofika kwa baba mkwe, wazee wa upatanisho wameshakaa kwenye viti vyao, wakawaona wanawake wawili wanashuka wameshikana mikono, wakaenda moja kwa moja jikoni kwa mama yao. Ugomvi ulikuwa umekwisha. Lakini mbuzi alikuwa ameshachinjwa, na wazee wale hawakuwa tayari kula mbuzi wa ugomvi ambao hawakuusikia. Wakaagiza wakurugenzi waseme.

Jilala alisema kwa urefu jinsi alivyoliokoa gari kwa kulikaza. Maduhu alisema kwa urefu zaidi jinsi alivyoliokoa kwa kulilainisha. Baba mkwe aliwasikiliza wote, kisha akawaambia wamwonyeshe. Basi wale wakurugenzi wawili wakalala chini mbele ya wakwe, wazee, wake zao na watoto wa jirani. Jilala akaingia chini ya pikapu kutoka kulia, Maduhu na shati lake jeupe kutoka kushoto. Tulibaki tunaangalia miguu. Nilisikia Jilala anasema, "Hii hapa, iko ndani." Na Maduhu akasema kwa upole, "Hii hapa, iko nje." Kisha kila mmoja akageuza macho akaona upande wa mwenzake.

Walikaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Walipotoka wana vumbi mpaka kwenye nyusi, baba mkwe alinigeukia mimi.

"Fundi, hicho chuma umekifunga kwa ajili ya nani?"

Nikamjibu, "Kwa ajili ya gari, baba."

Nikaeleza yote, isipokuwa yale niliyoyaona nilipopanda nao. Hayo niliona yabaki kwenye viti vya pikapu. Mzee alisikiliza huku akivuta pua. Mwishoni alisema yale madume aliyoyauza yalikuwa yanavuta jembe moja bila kuitisha kikao. Akanyoosha mkono apewe ufunguo wa gari. Akamwita Kabula kutoka jikoni, akampa. Kabula alisema hajui kuendesha. Baba yake akamwambia hata hawa hawajui. Wakurugenzi waliachiwa vyeo vyao, na wakapewa kazi ya kung'oa minyaa kwa mikono yao. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni si mchezo. Walishinda siku nzima wanaosha macho kwa maji waliyochotewa na wake zao, na inasemekana ndipo walipoanza kuongea.

Kabula nilimfundisha mimi kwenye uwanja wa mpira, asubuhi kabla ya wachezaji. Alijifunza bila kelele. Msimu uliofuata yeye na Minza ndio waliokwenda vijijini na pikapu, Kabula kwenye usukani, Minza kwenye mizani, na wakulima wakagundua kwamba mizani yao haina tabia. Kampuni nyingi za wakati ule zilikufa makampuni makubwa yenye vinu yalipoingia. Ile ya kwao ilidumu misimu mingi kuliko wengi walivyotegemea, na Jilala na Maduhu walibaki ofisini wanasalimia wageni, wakibishana kwa amani.

Kuna siku moja Kabula alileta pikapu gerejini. Mzee Nkwabi alikuwa ameshastaafu, niko peke yangu. Nilimwuliza anaendeshaje siku hizi, nijue nifunge wapi. Alisogea akanifungulia mlango wa abiria.

"Panda nikuendeshe," alisema. "Halafu ufunge unavyoona mwenyewe."

Tukaenda mpaka nje ya mji tukarudi. Alipunguza mwendo kabla ya kona, akaipita kona ametulia, akaongeza mafuta akiwa anatoka. Kwenye makorongo alichagua pa kukanyaga. Tuliporudi niliingia chini na spana yangu, nikafuta vumbi kwenye linki, nikashika bushi moja moja, nikatazama yale matundu. Kulia ndani, kushoto nje. Nikatoka.

Akaniuliza nimefanya nini. Nilijua angeamini lolote ambalo ningemwambia, kwa sababu wateja wote huamini fundi aliyetoka chini ya gari na mikono michafu. Nikamwambia, "Sijagusa kitu, mama. Inakufaa ilivyo."

Alinitazama kidogo, akapokea ufunguo.

"Gari halikuwa na shida," alisema. "Mume wangu ulimfunga kamba msimu mzima. Nilitaka kujua kama na mimi utanifunga."

Akapanda, akawasha, akamchukua Minza pale sokoni, wakaenda Kiloleli kununua pamba.